Kukinai

Kiswahili hakikufanya ubahili wa maneno juu ya hali ya mtu aliyekwisha kula. Aliyejaza tumbo ameshiba. Aliyepata cha kumfaa ametosheka. Aliyepita mpaka amevimbiwa. Baina ya hao husimama mmoja zaidi, naye ni yule aliyekinai. Neno hili ni la ajabu, kwa kuwa limebeba maana ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazipatani. Kukinai ni kuridhika na kilichopo, mtu asitamani zaidi, na katika maana hii ni sifa njema. Kukinai pia ni kuchoshwa na kitu hata moyo ukakichukia, kama mtoto aliyelishwa halua kutwa. Tena katika nyumba hiyo hiyo ya maneno hukaa kinaya, ambayo wahakiki wa fasihi wameipa kazi nyingine siku hizi, lakini ambayo asili yake ni hali ya mtu aliyejitosheleza hata akawaona wenzake si kitu. Kuridhika, kuchukia na kujiona: vyote vitatu vimepakuliwa katika chungu kimoja.

Yafaa kuuliza, basi, mtu anayetaka kula kwa akili, ili afya yake ihifadhike na nafsi yake itulie, aelekee kwenye kukinai kupi. Watu wa zama hizi hufundishwa kwamba kiasi cha kula ni shauri la mtu na tumbo lake. Apime, ahesabu, atafune taratibu, ausikilize mwili wake unasemaje. Mafunzo hayo si mabaya, wala si haki kuyacheka. Ila yana kasoro moja: yamemketisha mlaji peke yake.

Mbweni ni mahali panapofaa kulitazama swali hili. Iko kusini ya mji wa Unguja, ufukweni, si mbali na uwanja wa ndege. Zamani palikuwa shamba. Leo ni mtaa wa nyumba zenye nyua, na miembe iliyosalia huangusha kivuli chake juu ya kuta mpya. Sahani za mtu mmoja mmoja zimeingia humo, na meza pia. Hata hivyo, siku ya shughuli, na katika nyumba nyingi kila magharibi ya Ramadhani, wali hupakuliwa katika sinia moja na watu wanne au watano wakalizunguka juu ya mkeka.

Asiyeijua desturi hii aweza kudhani kuwa kwenye sinia hapana kipimo, kwa sababu hapana ukingo wa sahani kati ya mtu na mwenziwe. Kweli ni kinyume. Mpaka upo, ila haukuchorwa. Kila mtu hula mbele yake. Nyama iliyo upande wa jirani hairukiwi. Jirani ndiye aikataye akaisogeza, na asipoisogeza hungojwa. Tonge huwa la kadiri ya mdomo, na la pili haliumbwi kabla la kwanza halijamezwa. Mkubwa wa umri hutangulia. Mwenye nyumba huwa wa mwisho kuondoa mkono, hata kama ameshiba zamani, ili mgeni mwenye haya asije akaacha kula na njaa yake ingali tumboni. Adabu hizi ni za kale. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufanya ulaji na adabu zake kuwa mlango mzima wa kitabu chake kikubwa, Ihya, na mengi ya aliyoyataja humo ni desturi ya pwani hata kwa wale ambao hawakupata kukifungua kitabu chenyewe.

Kwenye sinia mla haraka hufichuka. Kila mlaji huacha shimo mbele yake katika wali, na shimo hilo ndilo hesabu yake. Halihitaji mizani, kwa maana macho ya watu wote yamo. Mwenye shimo kubwa kuliko wenziwe hutulia mwenyewe, bila ya kuambiwa. Utabibu nao una maelezo yake juu ya faida ya kutulia huko. Habari ya shibe haifiki katika ubongo papo hapo. Hutoka tumboni kwa njia ya mishipa ya fahamu, na hutoka katika matumbo kwa vichocheo vinavyochukuliwa na damu, na safari hiyo yataka muda. Mla haraka huimaliza sahani yake na mjumbe angali njiani. Anayewangoja wenziwe humpa mjumbe nafasi ya kufika.

Nchi nyingine, ambazo sinia hazikulijua au zimelisahau, zimelazimika kuitafuta taratibu hiyo kwa njia ya mazoezi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwapunguzia wagonjwa mashaka kwa kuizoeza fikra kukaa na jambo lililo mbele yake. Zoezi moja la mafunzo hayo limeenea duniani. Mwanafunzi hupewa zabibu kavu moja. Huitazama kana kwamba hajapata kuona zabibu maisha yake yote. Huigeuza vidoleni, huinusa, huiweka ulimini bila ya kuitafuna, kisha huitafuna polepole hata utamu wake uishe.

Mtu wa Mbweni akihadithiwa zoezi hili huenda akacheka, kisha akanyamaza, maana yeye amelifanya tangu utoto wake kwa tunda jingine. Dakika chache kabla ya magharibi katika mwezi wa Ramadhani, tende imo mkononi. Uwanja umenyamaza. Watoto waliokuwa wakigombana wamekaa. Hakuna aliye na shughuli tena isipokuwa kusikiliza, na muadhini asipoanza bado, macho huirudia ile tende, ngozi yake iliyokunjamana, kokwa yake inayosikilizana kwa kidole kabla ya kuonekana. Sauti inapopanda, tende huingia mdomoni, na hakuna mtu katika nyumba hiyo anayekula huku akiwaza jambo jingine. Baina ya zabibu ile na tende hii pana tofauti. Mwenye zabibu hana njaa, na umakini wake ameuazima kwa mwalimu. Umakini wa mwenye tende umelipiwa kutwa. Mwenye zabibu amefumba macho ili awasahau walio pembeni yake. Mwenye tende anajua kwamba nyumba ya pili na ya tatu, na mji mzima hadi Shangani na Malindi, wanakula tunda lile lile kwa saa ile ile.

Juu ya umakini wenyewe yapo maneno ya kusema kabla ya kuusifu mno. Aristotle, katika maelezo yake juu ya kiasi, alimtaja mlafi aliyeomba koo lake liwe refu kuliko la korongo, ili chakula kikawie kupita na raha yake ikawie pia. Mlafi huyo hakukosa umakini. Aliutaka uzidi. Mtu anaweza kutafuna kwa taratibu kuu, akazitambua ladha zote za hiliki na mdalasini, naye asiwe na jambo moyoni ila raha yake. Huo ni ulafi uliovaa kanzu iliyopigwa pasi.

Na maelezo haya yangekuwa ya uongo kama yangeishia kwenye tende. Baada ya tende huja uji, na kaimati zilizogaagaa katika shira, na tambi za sukari, na viazi vitamu vilivyoungwa kwa tui, na muhogo, na ndizi, na katlesi, na maji ya matunda yaliyotiwa sukari kana kwamba matunda hayakuwa na yake. Futari iliyofunguliwa kwa tonge moja lenye fikra huendelea kwa matonge ishirini yasiyo nayo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari, ile inayotiwa katika vyakula na ile iliyomo katika asali na maji ya matunda, isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu ambazo mtu huzipata kwa chakula cha siku, na kwamba ikishuka hadi nusu ya hapo itakuwa bora zaidi. Nusu hiyo ni kadiri ya gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe viwili tu, vijiko vitatu kila kimoja, huimaliza kabla kaimati haijaguswa. Sinia linalomfundisha mlaji aliangalie shimo lake halimfundishi kuihesabu sukari, kwa sababu lilitungiwa adabu zake wakati ambapo sukari ilikuwa kitu cha thamani na wasiwasi wa watu ulikuwa juu ya uchache wa chakula.

Uchache huo Mbweni inaujua kuliko mitaa mingine. Shamba hili lilinunuliwa mwaka 1871 na Misheni ya Vyuo Vikuu, nalo likawa makao ya watu waliotolewa utumwani, wengi wao wakiwa wamekamatwa majahazini na manowari za Kiingereza. Ikajengwa skuli ya wasichana waliokombolewa, skuli ya Mtakatifu Maria, ambayo magofu yake yangali yanaelekea bahari. Kanisa la Mtakatifu Yohana liliwekwa wakfu mwaka 1882. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaiongoza skuli kwa miaka mingi, na akafa hapo hapo mwaka 1926. Jirani yao alikuwa na nyumba na bustani ya mimea John Kirk, balozi wa Uingereza, ambaye alimshurutisha Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao mjini. Utumwa wenyewe, kama sheria, uliendelea hata mwaka 1897.

Mtumwa alipimiwa. Hilo ndilo jambo la kulitafakari katika magofu yale, zaidi ya matao yake. Hata mpagazi huru katika misafara ya bara alipokea posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku; aliyekuwa katika mnyororo hakuwa na kibaba cha kudai. Alikula alichopewa, alipopewa. Haiwezekani kumsifu mtu wa namna hiyo kwa kula kidogo, kama isivyowezekana kumsifu kipofu kwa kuyainamisha macho yake. Kufunga ni tendo. Njaa ni jambo linalomfika mtu. Kwa nje huenda vikafanana, matumbo yote mawili yakawa matupu, na mmoja akawa anafanya ibada na mwingine anadhulumiwa.

Kutokana na hayo yafuata kuwa kiasi ni adili la mtu huru. Kiswahili kimeliona jambo hili siku nyingi, maana neno lile lile, uungwana, ni hali ya kutokuwa mtumwa na ni adabu njema pia. Mtoto aliyeletwa Mbweni kutoka jahazini, siku ya kwanza aliyoweza kuacha wali katika sahani kwa sababu ameridhika, wala si kwa sababu umekwisha au umenyang’anywa, alifanya tendo la kiungwana kwa maana zote mbili. Huenda siku hiyo ilikawia. Aliyekaa na njaa ndefu hana imani na kesho. Hula kupita haja, huficha kipande nguoni. Tena mwili wake hauko tayari kwa shibe ya ghafla. Mwaka 1945, makambi ya mateso ya Ulaya yalipofunguliwa, walikuwapo waliokufa baada ya kupewa chakula kingi na askari waliowahurumia. Huruma iliyopakua bila ya kuuliza iliua.

Watu wa Unguja hawahitaji kurudi karne ya kumi na tisa ili waelewe kupimiwa. Katika miaka ya mwisho ya 1960 na miaka ya mwanzo ya 1970 mchele, unga na sukari viligawiwa kwa kipimo, na foleni ilikuwa sehemu ya siku kama vile jua. Waliokuwa watoto wakati huo ni wazee sasa, nao ndio wenye nyumba ambao mgeni huwakuta wakikisimamia chakula. Anayeshangaa kwa nini mkono wa bibi wa Kizanzibari hauwezi kupakua kidogo, na kwa nini hana raha mpaka amwone mgeni ameelemewa, na azikumbuke foleni zile. Kuilundika sahani ya mtu ni njia yake ya kusema kwamba siku zile zimekwisha.

Hapo ndipo ugumu ulipo, maana magonjwa yamegeuka. Katika Mbweni hiyo hiyo watabibu na wauguzi wa Zanzibar wamesomeshwa kwa miaka mingi, na mojawapo ya mambo wanayofundishwa ni namna ya kumweleza mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye shinikizo la damu, kwamba dawa peke yake haitamfaa ikiwa hatapunguza wali, chumvi na shira. Mgonjwa husikiliza, huitikia, na hutoka kliniki na nia ya kweli. Kisha Jumamosi hualikwa harusini.

Na achukuliwe mwanamke wa makamo aliye katika hali hiyo. Ameketi kwenye sinia la pilau pamoja na jamaa wa bwana harusi. Amekula tonge saba au nane, amekinai kwa maana njema ya neno, na amepumzisha mkono. Mwenye shughuli anapita. “Shoga, mbona huli? Au chakula chetu hakikukupendeza?” Swali hili halina jibu rahisi. Akila, ataukosea mwili wake, na ataukosea tena wiki ijayo katika hitima, na wiki ya tatu katika akika. Akikataa kwa kueleza habari za damu yake na maagizo ya tabibu, ataifanya karamu kuwa kliniki, na wapo watakaosema pembeni kuwa siku hizi amekuwa mtu wa kujivuna, hali vya watu. Hiyo ndiyo kinaya, au ndivyo itakavyohesabiwa. Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayopitwa na wengi, ni kusema kwamba alikula nyumbani kabla ya kuja. Huo ni uongo mdogo, wenye adabu, usiomdhuru mtu. Lakini mtu anayelazimika kusema uongo kila anapoutunza mwili wake amewekwa mahali pabaya, wala hakujiweka mwenyewe.

Ni desturi kumlaumu mgonjwa wa namna hii kwa udhaifu wa nia. Lawama hiyo imemwelekea asiyestahili, au haikumwelekea anayestahili zaidi. Anayesimama juu ya mwenziwe na kuamua kwamba hajala vya kutosha amekitwaa kibaba mkononi. Ni kweli kwamba anakijaza mpaka kifurike, ilhali yule wa zamani alikipunguza. Ni kweli kwamba huyu anapenda na yule alidhulumu, na tofauti hiyo ni kubwa kama ilivyo tofauti ya mama na mnyapara. Ila katika jambo moja wamekutana: wote wawili wamemwondolea mlaji neno lake la mwisho juu ya kinywa chake. Kati ya haki zote alizorudishiwa mtu wa Mbweni alipovuliwa mnyororo, haki ya kusema imetosha haikuwa ndogo, na ni ajabu kuona jinsi inavyopotea kwa mapenzi mahali ambapo ilipatikana kwa tabu.

Yuko atakayejibu kwamba kumhimiza mgeni hakukuwekwa bure. Mgeni ana haya. Asipohimizwa ataondoka na njaa, na aibu itamrudia mwenye nyumba. Heri wagonjwa kumi wahimizwe kuliko mwenye njaa mmoja asahauliwe. Jibu hili lina uzito, na mtu aliyepata kuwa mgeni katika nyumba ya wenye nafasi, naye hana kitu, hatalipuuza. Lakini desturi yenyewe ilikwisha kuutatua mgogoro huu kabla haujazuka. Ilimwagiza mwenye nyumba asitangulie kuondoa mkono. Haikumwagiza aseme neno. Mkono wake unaozunguka polepole katika wali, ukiumba matonge madogo ambayo hayahitaji, humwambia mwenye njaa kuwa mlango u wazi, na haumsukumi yeyote aingie. Mwenye haya huendelea kula. Aliyetosheka hukaa. Huo ndio ule umakini ambao Massachusetts iliutafuta katika zabibu, isipokuwa hapa umeelekezwa kwa mtu, na mtu huyo si yule anayekula. Mwenye nyumba wa namna hii anajua nani hajagusa nyama kwa sababu ya meno, nani anakula mchicha tu, nani ameinywa chai yake kavu mara tatu mfululizo, wala hasemi.

Wanawake wa Unguja wanaolijua jambo hili wapo. Hupika uji wa futari katika vyungu viwili, kimoja hakikutiwa sukari, na hawakitangazi. Hukiweka tu upande ambao atakaa yule jirani. Naye hunywa, hula tende yake moja na kipande cha samaki, mbele yake shimo dogo katika wali. Anapoupumzisha mkono, mwenye nyumba hamwulizi mbona huli. Huchukua birika, humimina maji vidoleni mwake juu ya beseni, huzungumza naye habari za watoto. Na wa mwisho anapomaliza kunawa, hulifunika sinia kwa kawa.